Usukani wa gemu unaokatika kila digrii 20: shajara ya matengenezo, Mwanga, Kigoma

Kifaa na malalamiko

Usukani wa gemu za mbio za magari, wa aina ya gia. Mota mbili za kaboni (vipande vinavyogusa na kupeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka), za volti 24, zinasukuma gia moja kubwa ya plastiki iliyoshika shafti ya usukani. Unazunguka digrii 900, yaani mizunguko miwili na nusu toka kikomo hadi kikomo. Adapta yake ni ya volti 24, ampia 1. Unatoka kwenye banda la gemu hapa Mwanga na unafanya kazi tangu saa nne asubuhi hadi saa nne usiku. Mchezaji mmoja akinyanyuka, mwingine anakaa.

Malalamiko: hauna nguvu kwenye kona, unarukaruka mkononi, una harufu ya kuungua, na mara nyingine kompyuta inasema kifaa kimechomolewa wakati waya haujaguswa. Mwenye banda ameshashauriwa anunue mota mpya. Dukani hapa Kigoma haipo, na kuagiza Kariakoo maana yake ni kutuma hela, kungoja basi au treni, kisha kupokea mota ambayo huenda si yake. Hela haitumwi kabla ya kupima.

Siku ya 1: bila kufungua skrubu

Adapta kwanza, kwa sababu adapta dhaifu huigiza mota mbovu. Bila mzigo maltimita ilisoma volti 24.1. Hicho si kipimo cha kuamini, maana adapta iliyochoka nayo husoma 24 ikiwa haijabeba kitu. Tuliibebesha balbu ya breki ya lori, volti 24 wati 21, inayovuta karibu ampia 0.88. Baada ya dakika 10 ilikuwa volti 23.7 na mwili wake vuguvugu tu. Adapta ni nzima.

Kisha usukani ukaunganishwa na laptopu yenye Linux. Programu ya fftest inatoa nguvu moja moja bila gemu kuingilia: nguvu ya kudumu, wimbi, springi na kadhalika. Tulichagua nguvu ya kudumu, mtu mmoja akaushika usukani na kuuzungusha taratibu dhidi ya nguvu hiyo, mwingine akasoma karatasi ya duara tuliyoibandika nyuma yake ikiwa na mistari kila digrii 5. Mistari ilichorwa kwa kipimapembe cha shule, na inatosha kabisa.

Nguvu ilipungua kama nusu, ikarudi, ikapungua tena. Katika digrii 100 ilipungua mara 5. Upande wa pili, vivyo hivyo. Kila digrii 20.

Namba hiyo ndiyo iliyoongoza kazi yote iliyofuata. Kasoro inayojirudia mara moja kwa kila mzunguko mzima wa usukani iko kwenye gia kubwa au kwenye shafti yake. Inayokuja ovyo, bila mpangilio, ni waya unaolegea au plagi. Nguvu ikipotea upande mmoja tu, tena moja kwa moja, shuku mosifeti, yaani swichi za kielektroniki zinazolisha mota, kwenye bodi. Inayojirudia kwa pembe ndogo iliyo sawasawa iko kwenye kitu kinachozunguka haraka kuliko usukani, na ndani ya boksi hili kitu hicho ni mota.

Lakini mota ina pinioni, gia ndogo kwenye shafti yake, na jino likivunjika kwenye pinioni nalo litajirudia kwa pembe ileile. Namna ya kutofautisha ni rahisi: zima umeme, zungusha kwa mkono. Jino lililovunjika linasikika hata bila umeme, kama kokoto ndogo. Hapa bila umeme usukani ulizunguka laini toka mwanzo hadi mwisho. Kwa hiyo kasoro ni ya umeme, si ya meno.

Siku ya 2: kufungua, kuhesabu meno, balbu ya pikipiki

Skrubu za chini zilitoka bila ubishi. Tulipiga picha kabla ya kuchomoa plagi yoyote. Nyaya za mota zote mbili ni nyekundu na nyeusi na urefu ni uleule, kuzichanganya ni rahisi.

Pinioni ina meno 11, gia kubwa ina meno 198. 198 kwa 11 ni 18. Digrii 360 ukigawa kwa 18 unapata 20. Hesabu imelingana na karatasi: mota inapozunguka mara moja, usukani unasogea digrii 20. Kuna kitu kimoja ndani ya mota kinachokosekana mara moja kwa kila mzunguko wake.

Mota zimepewa majina: A ni ile yenye enkoda, kihisi kinachosoma mzunguko, kwenye shafti ya nyuma, B haina. Bodi inazilisha zote mbili sambamba, ndiyo maana nguvu inapungua nusu badala ya kuisha.

Kipimo cha kwanza hakihitaji chombo. Chomoa mota, zungusha pinioni kwa vidole, halafu gusanisha nyaya zake mbili na uzungushe tena. Mota nzima hukaza, kwa kuwa inajizalishia umeme na kujizuia. Mota A ilikaza sawasawa. Mota B ilikaza, ikaachia kidogo, ikakaza tena, mara moja kwa kila mzunguko.

Hapa wengi huweka maltimita kwenye omu na kuandika jibu. Tulifanya hivyo pia ili kuonyesha kinachotokea: mota B ilisoma 6.8, 9.2, 7.5, 14, kila mara namba nyingine, na mota A nzima nayo ikacheza kati ya 6.3 na 8. Mkondo wa maltimita ni mdogo mno kupenya utando ulio kati ya kaboni na komyuteta, silinda ya vipande vya shaba ambayo kaboni huigusa. Mota inapimwa ikiwa imebeba mkondo.

Kwa hiyo: betri ya sola ya volti 12, balbu ya breki ya pikipiki ya volti 12 wati 21, na mota, vyote mfululizo. Balbu inazuia mkondo usizidi na papo hapo inakuonyesha hali. Shika pinioni kwa koleo lililofungwa kitambaa, sogeza taratibu mzunguko mmoja, tazama mwanga, soma volti kwenye miguu ya mota.

Betri ilikuwa na volti 12.6. Mota A: mwanga hafifu usiobadilika, volti 7.0 kwenye mota, mkondo ampia 1.16. Ukinzani ni omu 6.0 kwa mzunguko mzima. Mota B: hivyohivyo kwa sehemu kubwa ya mzunguko, kisha mahali pamoja balbu inazimika kabisa na volti za mota zinaruka hadi 12.5.

Kuzimika kabisa kuna maana yake, na hapa ndipo mota nyingi hutupwa bure. Komyuteta hii ina vipande 5 na koili 5 zilizofungwa kwa duara. Mkondo unaingia kwa kaboni moja, unagawanyika njia mbili, moja ya koili 2 na nyingine ya koili 3, unatokea kwa kaboni ya pili. Kila koili ikiwa na omu 5, njia ya omu 10 sambamba na ya omu 15 inatoa omu 6, ndicho tulichopima. Koili moja ikikatika, njia moja inakufa lakini nyingine inabaki: ungesoma omu 10 au 15, balbu ingefifia, isingezimika. Giza kamili maana yake mkondo haufiki hata kwenye komyuteta. Kaboni haigusi. Koili za mota B ni nzima, na mota inayotengenezeka haistahili kuitwa imekufa.

Siku ya 3: ndani ya mota B

Kabla ya kufungua kopo la mota, chora mstari mmoja kwa kalamu ya wino mzito kutoka kwenye kopo hadi kwenye kifuniko cha nyuma. Mstari huo tuliuchora kwenye kopo, kwenye kifuniko haukushika kwa sababu ya mafuta. Tutaurudia huko mbele.

Kifuniko kinashikwa na ndimi mbili za bati zilizokunjwa. Zinyooshwe kwa bisibisi bapa, mara moja tu. Ukizikunja na kukunjua mara tatu nne zinakatika.

Tuliyoyakuta: kaboni moja ina milimita 5 na uso unaong'aa. Nyingine imebaki milimita 2.5, imeliwa kwa mshazari, na mkono wake wa shaba umepoteza springi. Bila rota, yaani sehemu inayozunguka, mkono usio na kasoro unavuka mstari wa katikati ya kifuniko. Huu uliishia milimita 2 kabla ya kufika. Kipande kimoja cha komyuteta kimeungua ukingo na kuchimbika. Kaboni dhaifu ikikutana na kipande hicho inaruka, na ndiyo maana ya mara moja kwa mzunguko.

Chanzo kiko wazi: mafuta. Bushi ya nyuma, inayoshika shafti, imelowa, na mafereji kati ya vipande vya komyuteta yamejaa tope jeusi. Mtu aliwahi kusikia usukani unalia akamimina mafuta mahali palipo wazi. Unga wa kaboni ukiwa mkavu hutoka na upepo wa mota. Ukikutana na mafuta unakuwa tope linalopitisha umeme. Cheche zinazidi, joto linazidi, shaba ya mkono inalegea, mgandamizo unapungua, cheche zinazidi tena. Mota A imenusurika kwa sababu enkoda imefunika bushi yake ya nyuma na mafuta hayakuweza kuingia.

Tope hilo lilipimika. Kati ya vipande viwili vinavyopakana, koili moja ya omu 5 iko sambamba na nyingine nne zenye omu 20, kwa hiyo kila jozi inapaswa kusoma omu 4.0. Jozi nne zilisoma 4.0, moja ikasoma 3.6. Baada ya kusafisha mafereji kwa kijiti cha mwanzi kilichochongwa, mswaki na spiriti, na kukausha kivulini penye upepo, ikarudi 4.0. Kati ya komyuteta na shafti maltimita haikusoma kitu, kama inavyotakiwa.

Ukingo ulioungua ulisawazishwa kwa msasa namba 1000, kisha 2000, rota ikizungushwa kwa mkono ndani ya ukanda wa msasa ili uduara usipotee. Usitumie ule msasa mweusi wa chuma. Punje zake zinakwama kwenye mafereji na kula kaboni mpya. Baada ya msasa, mafereji yanasafishwa tena. Unga wa shaba ni mbaya kuliko tope.

Siku ya 4: kaboni

Kaboni za ukubwa huu haziuzwi pekee. Tulizokuwa nazo ni za namna tatu.

Za grinda: zipo kila duka la vifaa, unaweza kuzichonga zikaenea, lakini ni za mota ya volti 220. Ukinzani wake ni mkubwa, na kwenye volti 24 zinakula sehemu ya nguvu inayohisika na kuigeuza joto. Tumeziacha.

Za mota ya waipa ya gari: zina shaba ndani yake, zinafaa volti ndogo. Zilizopatikana zilikuwa pana mno, na kuzipunguza kungeondoa mshiko wa waya wake.

Dril ya betri ya volti 18, betri yake imekufa, mota nzima: kopo lake lina kipenyo cha milimita 35.8 sawa na letu, kaboni zake zina shaba, na komyuteta imetofautiana kwa sehemu ndogo ya milimita. Kifuniko chake kizima kiliingia kwenye kopo letu bila kulazimisha.

Na hakikufaa. Kwa volti 12 bila mzigo, mota ilivuta ampia 0.24 ikizunguka upande mmoja na 0.41 upande wa pili. Mota nyingi za dril hutengenezwa kaboni zikiwa zimesogezwa kidogo kutoka mstari wa katikati wa sumaku, kwa kuwa dril hufanya kazi zaidi upande mmoja. Usukani unahitaji pande zote mbili ziwe sawa. Ukifunga kifuniko hicho dereva anaweza kuhisi kushoto na kulia hazilingani na atalaumu gemu. Yeyote anayebadilisha mota ya usukani kwa mota ya dril afanye kipimo hiki kabla ya kufunga.

Suluhisho lilikuwa kuchukua mikono miwili ya kaboni kutoka kifuniko cha dril na kuihamishia kwenye kifuniko chetu. Inachomekwa kwenye nafasi za plastiki na kushikwa na pindo dogo. Zote mbili zibadilishwe hata kama moja ni nzima, ili mgandamizo ulingane.

Kurudisha rota bila kuvunja kaboni: chukua mshipi wa kuvulia wa milimita 0.3, ule wa wavuvi wa Kibirizi hapa Kigoma, pitisha kitanzi nyuma ya kila mkono, vuta kaboni zifunguke, ingiza rota, kisha chomoa mshipi. Tulijaribu kwanza kwa vipande vya bati na vikakwaruza komyuteta iliyokwisha kung'arishwa.

Kulainisha kaboni mpya: volti 6, bila mzigo, dakika 30 kila upande. Baada ya hapo uso wa kaboni uliogusa ulikuwa zaidi ya nusu. Mkondo kwa volti 12: ampia 0.19 na 0.20. Balbu ya pikipiki: mwanga mmoja mzunguko mzima, volti 7.0.

Kapasita ya kauri yenye alama 104 iliyo kati ya miguu ya mota ilikuwa imekatika mguu. Hiyo inaeleza kompyuta kupoteza kifaa: cheche za kaboni hurusha kelele za umeme zinazoingia kwenye waya wa USB, na kapasita hii ndiyo inayozimeza. Imewekwa mpya ya 104, volti 50. Usiweke kubwa zaidi ukidhani itasaidia zaidi. Mosifeti zinaijaza na kuimwaga kila zinapowaka na kuzima, na joto lake litazirudia zenyewe.

Bushi ya mbele ilipewa tone moja la mafuta ya cherehani, kwa ncha ya sindano. Ya nyuma ilifutwa ikabaki na unyevu wake.

Siku ya 5: usukani mzito kama ugali

Mota zilirudishwa, plagi zikaingia, gia zikasafishwa kwa mswaki na sabuni ya vyombo na kupakwa grisi ya silikoni kiasi cha punje mbili za maharage kwa gia nzima. Petroli haikutumika, kwa sababu baadhi ya plastiki hupasuka ikiguswa nayo.

Kabla ya umeme, usukani unazungushwa kwa mkono. Ulikuwa mzito, mzito wa kukoroga ugali sufuria kubwa, na unavyouharakisha ndivyo unavyozidi kukaza. Umeme haukuwashwa.

Uzito mkubwa hivi unaoongezeka na mwendo si wa gia, wala wa grisi kidogo kama hiyo. Ni mota inayozalisha umeme na kupata pa kuumwaga. Mota mbili zikiwa sambamba na zinazunguka pamoja, volti zake zinalingana na hakuna mkondo unaopita kati yao. Moja ikigeuzwa miguu, volti hizo zinajumlishana, mkondo unazunguka baina ya mota na mota, na kila moja inamzuia mwenzake. Ungewashwa, mota zingesukumana, usukani usingesogea, na mosifeti zingebeba mkondo wa kuungua.

Plagi hazikuwa na kosa. Kifuniko cha mota B kilirudishwa kimegeuka digrii 180. Nafasi za ndimi ni mbili na zinafanana, kinaingia pande zote, na mstari wa wino haukuwepo kwenye kifuniko kutuzuia. Kipimo cha mezani hakikuliona kosa kwa sababu tulizungusha pande zote mbili bila kuandika nyekundu kwenye chanya inaelekea wapi. Dawa ya kalamu ya wino ni kufuta mafuta kwanza kwa spiriti, au kukwaruza alama kwa msumari.

Hatukufungua kopo tena, ndimi zimeshakunjwa mara ya pili. Nyaya mbili ziliyeyushwa risasi kwenye miguu ya mota B na kubadilishana nafasi. Kwa mkono usukani ukawa mwepesi. Alama imeandikwa ubavuni mwa mota: miguu imegeuzwa, ili fundi atakayefuata asirudishe rangi mahali pake na kuleta ugali upya.

Mosifeti 4 za bodi zilipimwa kwa maltimita kwenye alama ya diodi, mota zikiwa zimechomolewa: upande mmoja 0.5, wa pili hakuna kitu, zote nne sawa. Iliyoungua husoma karibu sifuri pande zote.

Siku ya 6: kubebesha

Kuwasha: usukani ulijitafuta kushoto, kulia, ukasimama katikati. Nguvu ya kudumu ya fftest kwenye karatasi ya digrii: hakuna pengo, pande zote.

Enkoda: evtest, programu ya Linux inayoonyesha namba zinazotoka kwenye usukani, ikiwa wazi, katikati ilisoma 32760. Usukani ukapelekwa kikomo hadi kikomo kwa kasi mara 20 na kurudishwa kwenye alama ya selotepu. Ilisoma 32735. Kipimo kizima ni 65536 kwa digrii 900, yaani karibu 73 kwa digrii moja. Tofauti ya 25 ni theluthi ya digrii, na hiyo ni mkono wetu kwenye selotepu. Ingekuwa imehama digrii 5 au 10, tungetafuta ufa kwenye kitovu cha kisahani cha enkoda.

Joto, baada ya dakika 45 za mbio mfululizo, boksi likiwa limefungwa: kopo la mota A digrii 54 za Selsiasi, la mota B digrii 57. USB haikukatika. Harufu ya kuungua haipo. Ya kaboni mpya ipo kidogo kwa saa za mwanzo.

Yaliyobaki

Kaboni za mota A hazikuguswa, kwa kuwa kufungua kifuniko chake ni kuvua kisahani cha enkoda, na kisahani cha plastiki kilichozeeka hupasuka kikivuliwa. Mwanga wake wa balbu ni safi, kazi hiyo itangoja dalili.

Bandani: hakuna mafuta yoyote kwenye usukani. Ukilia, uletwe. Nguvu kwenye gemu ishushwe hadi asilimia 70, na adapta ichomolewe umeme unapokatika, irudishwe dakika chache baada ya umeme kutulia.

Kipimo kinachofuata ni baada ya miezi mitatu: balbu ya pikipiki kwa mota zote mbili, na mkondo bila mzigo pande zote kwa volti 12. Mota B ikifika tofauti ya ampia 0.05 kati ya kushoto na kulia, ifunguliwe hata kama mchezaji hajalalamika. Kifuniko cha dril na kaboni zake za zamani vimehifadhiwa kwenye kopo lenye jina la banda.